Beba kamera twende Ruma kabla korongo hajaisha

Waulize wenzako wa Nairobi wakutajie mahali pa kupiga picha za wanyama. Watakwambia Mara, Nakuru, Amboseli, basi. Mjanja kidogo ataongeza ile mbuga ya hapa mjini ambapo twiga anasimama na maghorofa nyuma yake, picha ambayo wewe umeiona mara elfu moja na mimi pia. Sasa waambie unaenda Homa Bay na Migori. Watakuuliza ni nani amefariki.

Wacha wacheke. Huko utapata wanyama bila msururu wa magari ya watalii, utapata kuta za mawe zenye umri wa karne kadhaa, na ziwa ambalo usiku linawaka taa kama mji. Na kuna mnyama mmoja ambaye ukichelewa sana, huenda usimkute.

Mimi si mpiga picha wa kazi, nikwambie mapema. Niliacha chuo, nikabaki na blogu na kamera iliyotumika niliyoinunua Luthuli Avenue, na lenzi ya kuvuta mbali inayofika milimita 300. Hiyo ndiyo mashine yote. Ukiwa na simu tu, bado njoo, ila nitakwambia wapi simu itakuangusha.

Tuanze na Ruma. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma iko kwenye bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, kilomita mraba 120 za nyasi na migunga. Upande mmoja kuna ukingo wa Kanyamwa, upande wa pili milima inayoelekea Gwasi na Gembe. Ilianza mwaka wa 1966 kama hifadhi ya Bonde la Lambwe, ikafanywa mbuga ya kitaifa 1983. Utakuta twiga wa Rothschild, kongoni, nyati, pundamilia, faru, na kale kaswala kadogo kanaitwa taya, kanakoruka juu ya nyasi kama kamekanyaga kaa la moto. Kama hamu yako ni simba tu, panda gari la Narok, tusisumbuane.

Mnyama tunayemfuata Ruma ni korongo. Si yule ndege wa miguu mirefu, wala si lile shimo linalochimbwa na maji ya mvua. Kiswahili hapa kilibana matumizi ya majina. Huyu ni swala mkubwa, ukimwona kwa mbali utadhani ni farasi mwenye pembe. Uso wake ni mweusi wenye mabaka meupe, kama mcheza ngoma aliyejipaka chokaa. Masikio ni marefu, yana kishungi cha nywele kwenye ncha, na pembe zimepinda kwenda nyuma.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 nchini Kenya. Si mia na kumi na tano. Kumi na tano, na makao yao ni Ruma pekee. Chukua matatu ya abiria kumi na wanne, ongeza dereva: hao ndio korongo wa Kenya nzima, wanaenea ndani bila hata kondakta kuning'inia mlangoni.

Zamani walikuwepo kwingine. Maasai Mara walikuwepo, wakaisha. Miaka ya 1970 baadhi walitolewa Ithanga, huko upande wa Thika, wakapelekwa Shimba Hills kule Pwani, nao hawakudumu. Tanzania bado wapo, na nchi nyingine za Afrika pia, kwa hiyo usidhani dunia nzima imewamaliza. Ni sisi tunaokaribia kuwamaliza. Ujangili na mitego ya waya vilifanya kazi yao, mashamba yakafanya yao, na sasa wamebaki wachache kiasi kwamba ugonjwa mmoja au ukame mmoja ni hesabu ya kutisha.

Kwa hivyo unapoingia Ruma elewa unacheza kamari. Nimeingia mara nne. Mara tatu za kwanza nilitoka na twiga, kongoni, na vumbi kwenye lenzi. Mara ya nne, mwezi wa pili, nyasi zikiwa fupi, dereva wetu alipunguza mwendo bila kusema kitu, akaelekeza kidevu upande wa kushoto. Walikuwa watatu, mbali, karibu na kichaka cha migunga. Mmoja aliinua kichwa akatutazama labda sekunde ishirini. Milimita 300 hazikutosha. Picha niliyo nayo ina chembechembe, na korongo ndani yake ni mdogo kuliko ukucha. Hakuna mtu ataiweka ukutani. Mimi nimeihifadhi mahali patatu tofauti, kwa sababu nimewahi kuona picha maridadi za wanyama ambao siku hizi wapo kwenye picha tu.

Usimwambie dereva awakimbize ili upate picha kubwa. Hilo sitalizungushia maneno. Kundi la wanyama 15 halina nguvu za kukimbia kwa ajili ya Insta yako.

Sasa mambo ya kujipanga. Boda itakufikisha langoni tu, haingii ndani, na kutembea kwa miguu humo si ruhusa yako. Mtahitaji gari, na gari la kukodi Homa Bay au Mbita linauma mfuko wa mtu mmoja. Tafuta mbogi ya watu wanne au watano mchange. Kiingilio kinalipwa kwa simu kabla, KWS hawapokei pesa taslimu langoni, kwa hivyo usifike ukiwa na noti mkononi na simu iliyozima. Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi. Huku magharibi jua linachelewa kidogo kuliko Nairobi, huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu na zaidi, kwa hiyo utapata muda wa ukungu na rangi ya samawati bondeni kabla mwanga wa dhahabu haujapanda. Na mwanga huo ukija usipige soga. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima kama lifti. Saa mbili na nusu tayari linachoma, na vivuli vimekuwa vikali.

Nguo nazo ni habari nyingine. Bonde la Lambwe ni nyumbani kwa mbung'o, yule nzi mwenye kueneza malale, na mbung'o anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwenye vichaka. Hiyo si bendera ya chama, ni mitego ya kumvutia huyo nzi afe. Ukija na jinzi ya buluu na tisheti nyeusi, yaani sare ya kila kijana wa Nairobi, umejigeuza mtego unaotembea. Vaa kaki, vaa rangi ya udongo, mikono mirefu. Lakini usimlaani sana huyo mbung'o. Ni kwa sababu yake watu na ng'ombe waliliogopa bonde hili miaka mingi, na pengine ni kwa sababu yake bado kuna nyasi za kupiga picha.

Msimu? Hapo utachagua. Januari hadi Machi kumekauka, nyasi ziko chini, wanyama wanaonekana. Kuanzia Aprili mvua inainua nyasi hadi taya hawaonekani kabisa, lakini ndio wakati ambapo mbayuwayu wa buluu anafika kutoka kusini mwa Afrika, na anakaa hadi karibu Septemba. Ndege huyu anapungua duniani na Ruma ni kati ya sehemu chache sana Kenya unakoweza kumwona. Kumpiga picha akiruka, ndugu yangu, ni adhabu. Weka kasi ya juu kabisa kamera yako iliyo nayo, halafu uombe. Simu hapa haina kazi.

Faru nao, ukiwapata, piga, furahia, lakini kabla ya kuposti zima ile sehemu ya simu inayobandika mahali kwenye picha. Picha ya faru yenye alama ya mahali ni ramani, na wanaotafuta ramani hiyo si mashabiki wako.

Ukiwa na siku ya pili, shuka Migori uone Thimlich Ohinga. Iko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na barabara itakukumbusha kila mfupa ulio nao. Ni boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, bila udongo, bila chochote cha kuyashika, jiwe juu ya jiwe, na zimesimama tangu takriban karne ya 16. Kuna sehemu kuta zinapita mita nne kwenda juu. Mwaka wa 2018 UNESCO iliitia kwenye orodha ya turathi za dunia, ikawa ya saba Kenya. Waulize wenzako wa Nairobi kama wanaijua. Waulize hata wa Migori.

Hapa simu inatosha kabisa, pengine inashinda kamera yangu, kwa sababu milango ni mifupi na myembamba na unataka lenzi pana. Milango hiyo ilifanywa hivyo makusudi: adui aliyetaka kuingia alilazimika kuinama, na mtu aliyeinama hana la kufanya akikutana na rungu. Nawe utainama. Simama ndani, acha mlango uwe fremu, mngoje mwenzako apite. Saa kumi jioni mwanga unalala ubavuni mwa kuta na kila jiwe linapata kivuli chake. Saa sita mchana kuta zote zinaonekana kama zege. Usipande juu ya mawe kutafuta pembe nzuri. Yameshikana kwa uzito wao tu, ukilegeza moja umelegeza na majirani zake. Mwelekezi wa Makavazi ya Kitaifa atakusimulia habari nyingi, mpe muda, usimgeuze mshika begi.

Kurudi kaskazini, karibu na Kendu Bay, kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi, ya kijani kibichi, na mara nyingi heroe wamejipanga ukingoni. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee akaja usiku wakati wa sherehe akiomba hifadhi, wakamfukuza, mvua ikanyesha na kijiji kikazama na watu wake. Upande wa Gwasi, pale Nyandiwa, kuna kisa cha mvuvi Nyamgondho, aliyevua bibi kizee kwenye wavu. Akamchukua, akatajirika, akalewa utajiri, akamtukana, na yule bibi akarudi ziwani na ng'ombe wote wakamfuata. Yaani huku, popote penye maji mazuri kuna ajuza aliyekosewa heshima.

Nilizikumbuka hadithi hizo nikiwa ufukweni Mbita, kamera mkononi, mbele ya mama mmoja mzee aliyekuwa anaanika omena kwenye nyavu. Omena wakiwa wabichi juani wanameta kama vipande vya bati, mikono yake ilikuwa katikati yao, picha ilijipanga yenyewe. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa.

"Ukishanipiga unanipeleka wapi?" akaniuliza, bila kuinua kichwa.

Nikamwambia ukweli, kwenye intaneti, watu wa Nairobi waone.

"Na hao watu wa Nairobi watanunua omena?"

Tukacheka. Akakataa uso wake, akakubali mikono. Nikanunua gorogoro moja, nikapiga mikono. Ni picha bora kuliko ile niliyokuwa nimeitaka, ingawa sitadai kwamba kukataliwa huleta picha nzuri kila mara. Kuna siku utakataliwa na utaenda zako mikono mitupu, na hiyo pia ni haki yao. Ufuo si mbuga. Hao si wanyama wa kuviziwa na lenzi ya kuvuta ukiwa umejificha nyuma ya mtumbwi.

Kaa hapo Mbita hadi usiku uingie. Wavuvi wa omena wanatoka na taa, wanazielezea majini, omena wanafuata mwanga, na ukitazama kutoka nchi kavu unaona mstari wa taa mamia kwa mamia kwenye giza, mpaka unasahau ni ziwa. Weka kamera kwenye jiwe kama huna stendi, acha shata wazi sekunde kumi, usipumue karibu nayo. Simu nyingi za sasa zenye hali ya usiku zinaweza, mradi iegemee kitu.

Ila panga tarehe. Kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, kwa hivyo hutaziona taa hizo. Miezi mingine, tazama mbinguni kabla ya kulipia nauli: mwezi ukiwa mpevu, omena hawana haja ya taa ya mtu, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani. Nenda siku za giza. Mbogi yetu inaondoka Nairobi Ijumaa usiku kwa matatu ya Homa Bay, Jumamosi asubuhi tuko Ruma, na kwenye gari la kukodi bado kuna nafasi moja.