Kopo Moja, Uzito Mbalimbali

Penye machimbo ya dhahabu, kama kule Omate katika Walikale, mizani haikosekani kwa mnunuzi. Sehemu ya kumi ya gramu ina bei yake, na hakuna anayekubali kuiachia. Mchimbaji huyohuyo akienda kutafuta unga wa bugari, anapimiwa kwa kopo. Mawese anapimiwa kwa chupa au bidoni. Hilo si kosa. Kopo ni kipimo kizuri maadamu muuzaji na mnunuzi wanatumia lilelile. Taabu huanza mapishi yakidai gramu 500 za unga na wewe huna mizani, au ukitaka kujua kilo tatu za maharagwe zitajaza makopo mangapi.

Kopo hupima nafasi. Mizani hupima uzito. Kwa maji, hesabu ni nyepesi: lita moja ni kilo moja. Mawese ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi wa sombe. Lita yake ina gramu 910 hivi, kwa hiyo bidoni ya lita 20 ina kilo 18 na kidogo. Anayenunua kwa lita akauza kwa kilo bila kulijua hilo atahesabu faida isiyokuwepo.

Vitu vikavu vina jambo jingine: hewa iliyo kati ya chembe. Unga wa muhogo uliochekechwa sasa hivi umejaa hewa. Ligonge kopo mezani mara chache, utauona unga umeshuka chini ya ukingo. Wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana husema, “Mama, gonga kidogo, kisha uongeze.” Kilele nacho kina neno lake: kopo la kujaza juu na kopo la kupanguswa kwa kijiti ni vipimo viwili. Chagua kimoja, ukishike.

Ili kujua kopo lako, lijaze maji kwa chupa ya nusu lita, ukihesabu chupa. Tuseme limemeza chupa tatu: ni lita moja na nusu. Sasa zidisha kwa uzito wa lita moja ya kitu unachopima. Lita ya maharagwe makavu au mchele, ikipanguswa, ina gramu 800 hivi; sukari, 850; chumvi laini, 1,200; unga wa muhogo au wa ngano, kati ya 500 na 600. Kopo hilo basi litabeba kilo 1.2 za maharagwe, lakini unga gramu 750 hadi 900 tu. Kilo tatu za maharagwe zitajaza makopo mawili na nusu. Namba hizi ni za kukadiria: chembe kubwa au ndogo na unyevu wa msitu huzibadilisha. Ukipata mizani siku moja, pima kopo lako na chakula chako, uandike matokeo ubavuni mwa kopo.

Kwa bugari, makadirio yanatosha, kwani mpishi huongeza unga hadi mkono wake uridhike. Kwa mikate inayoumuliwa, ni afadhali kupima kwa mizani kila inapowezekana.

Pana mahali ambapo kukosea kijiko ni hatari: maji ya sukari na chumvi anayopewa mtu mwenye kuhara, pakiti za dawa zikikosekana. Kipimo ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vyote vikiwa vimepanguswa. Nusu kijiko hicho cha chumvi ni gramu tatu hivi. Kikiwekwa kilele, chumvi inaweza kukaribia maradufu, na chumvi nyingi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Hapo pangusa kijiko kwa mgongo wa kisu, wala usiongeze “kidogo tu”.