Nani Anamiliki Anguko la Mzee? Muungano wa Kuzuia Wazee Kuanguka Mkoani Bujumbura

Kuanguka kwa mzee huhesabiwa na wengi kuwa bahati mbaya, au sehemu ya uzee isiyo na dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu 684,000 hufa duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni waliovuka miaka 60. Katika majeraha yasiyokusudiwa, ajali za barabarani peke yake ndizo zinazoua watu wengi kuliko hapo. Lakini barabara ina polisi, sheria na bima. Anguko la mzee ndani ya ua halina mwenyewe: familia huona maumivu, mganga wa kuunga mifupa huona uvimbe, hospitali huona mfupa uliovunjika wiki mbili baadaye, na komini haioni kitu. Muungano wa kuzuia wazee kuanguka ni njia ya kuwakutanisha hawa wote ili anguko lipate wa kuliwajibikia.

Bujumbura imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayopanda upande wa mashariki. Kuanzia Oktoba hadi Mei mvua hugeuza vijia vya Musaga, Kanyosha na Gihosha kuwa utelezi, na mitaro mingi ya pembeni haina vifuniko. Buyenzi na Bwiza ziko tambarare, ila huko hatari imo ndani ya ua wenyewe: nyumba kadhaa zinachangia choo kimoja cha nyuma, umeme unakatika, na mzee anatoka usiku akipapasa ukuta. Tangu Machi 2022, pikipiki, baiskeli za abiria na bajaji zilipoondolewa katikati ya jiji, safari ya hospitali au sokoni imekuwa ya miguu zaidi. Na uhaba wa mafuta wa miaka iliyofuata umewafanya watu wasukumane kwenye foleni za mabasi, pahali ambapo mwenye magoti dhaifu hana nafasi.

Mahali pa kutawadhia msikitini panaonyesha tatizo lote kwa dakika moja. Mzee anasimama kwenye saruji iliyolowa, miguu mitupu au na kandambili zilizoisha soli, kisha anainua mguu mmoja hadi chini ya bomba. Kwa sekunde kadhaa uzito wote uko juu ya mguu mmoja, shingo imeinama, mikono imeshughulika, na hakuna cha kushika. Fundi mwashi anaweza kuondoa hatari hiyo kwa siku moja: kiti cha saruji mbele ya kila bomba, chuma cha kushikia ukutani, sakafu iliyokwaruzwa badala ya kulainishwa. Choo cha shimo kinahitaji chuma hichohicho, kwa sababu kuinuka kutoka kuchuchumaa ni kazi nzito kuliko zote kwa mapaja yaliyopungua nguvu.

Upande wa mwili, sababu huja kwa kundi. Misuli ya miguu hupungua, mtoto wa jicho huficha kizingiti, na baadhi ya dawa za usingizi au za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Kwinini inaweza kushusha sukari ya damu, jambo zito kwa mzee anayetibiwa malaria huku hali chakula vizuri. Juu ya yote hayo kuna hofu. Mzee aliyeanguka mara moja huanza kukaa, wanawe humkataza kutembea kwa kumpenda, na kwa kukaa huko miguu inazidi kulegea hadi anguko la pili linakuwa rahisi kutokea kuliko la kwanza. Katazo hilo la upendo pengine lina madhara zaidi kuliko utelezi wenyewe. Mfupa wa nyonga ukivunjika na mgonjwa akaachwa kitandani, vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda kwenye mishipa hufuata.

Mfano wa muungano uliopimwa vizuri uko Connecticut, Marekani. Mwaka 1994 kundi la Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha kuwa kushughulikia dawa, shinikizo la damu, nguvu za miguu na mazingira ya nyumbani kwa pamoja hupunguza maanguko: katika mwaka mmoja walianguka asilimia 35 ya waliosaidiwa, dhidi ya asilimia 47 ya wasiosaidiwa. Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi, wa kuwafanya madaktari, wauguzi wa majumbani, wataalamu wa viungo na vituo vya wazee wa eneo zima wafanye hivyo kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa ya kuanguka yakiwa pungufu kwa asilimia 9 ikilinganishwa na eneo lisilohusishwa, na matumizi ya huduma za hospitali kwa sababu hiyo yakiwa pungufu kwa asilimia 11. Faida ilipungua ilipotoka kwenye utafiti kwenda mitaani, lakini ilibaki, na ilitokana na watu waliokuwa tayari kazini.

Burundi nayo ina watu walio tayari kazini. Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, kamati za afya husimamia vituo, nyumbakumi anawajua wazee wote wa kaya zake, na Bashingantahe, wazee wa busara wanaosuluhisha watu, husikilizwa. Mageuzi ya mikoa yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yameliweka jiji katika mkoa mmoja na maeneo ya Cibitoke, Bubanza na Bujumbura vijijini, hivyo mwafaka mmoja unaweza kugusa wa mjini na wa kilimani.

Kazi ya kwanza ya muungano ni kuhesabu, kabla ya semina na mabango. Daftari la mapokezi katika hospitali ya Kamenge, Prince Régent Charles na vituo vya afya linahitaji safu moja tu ya ziada: je, mgonjwa huyu ameanguka, na wapi? Miezi sita ya safu hiyo itaonyesha kama adui mkuu ni choo, mtaro au ngazi, na fedha zitajua pa kwenda.

Kazi ya pili ni kuwatambua walio hatarini. Mhudumu anahitaji kiti, kamba ya mita 3 na saa. Mzee anainuka, anatembea hadi mwisho wa kamba, anageuka, anarudi na kukaa. Anayetumia sekunde 12 au zaidi anapelekwa kituoni akapimwe macho, aangaliwe dawa zake, na apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na tena akiwa amesimama.

Kazi ya tatu ni mazoezi, na hapa ndipo ushahidi ulipo imara kuliko kwingine: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019 ulikuta kuwa mazoezi hupunguza maanguko kwa asilimia 23. Mazoezi yenyewe ni kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kusimama kwa visigino na vidole, kutembea kwa kuunganisha kisigino na kidole, mara tatu kwa wiki, karibu na ukuta. Baada ya misa au baada ya swala ya alasiri watu huwa wameshakusanyika, na kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa kuongoza.

Mitaro na taa ni kazi ya komini, na kazi za pamoja za Jumamosi zinaweza kufunika mitaro iliyo kwenye njia za wazee kwanza. Gharama za matibabu ni suala la serikali. Tangu Mei 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wanaojifungua hutibiwa bure. Mzee aliyevunjika nyonga hayumo katika msamaha huo, na kadi ya msaada wa matibabu (CAM), kwa kaya zilizo nayo, hubeba sehemu tu ya gharama katika vituo vya umma. Muungano wenye daftari lake unaweza kuipelekea Wizara ya Afya hesabu ya upasuaji huo, pamoja na ya mikongojo na mazoezi ya kurejesha mwendo, kaya kwa kaya.