Kijana Anayezamia Ziwani na Hesabu ya Kina

Mwezi huu tunazungumzia kazi ambayo wazazi wengi wa Mbeya na Iringa hawaifahamu, ijapokuwa huenda kijana wao akaipata siku moja. Ni kazi ya kuzamia majini na mtungi wa hewa mgongoni. Wale samaki wadogo wenye rangi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa hununuliwa na watu wa nchi za mbali wanaowafuga katika matangi ya kioo. Mabwawa ya umeme kama Mtera hukaguliwa chini ya maji. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, ni wazamiaji walioingia ndani kutafuta watu, wakamkuta fundi mmoja yu hai baada ya siku mbili.

Mzazi ataogopa mamba na mawimbi. Sisi tungependa aogope pia vitu viwili visivyoonekana: oksijeni na naitrojeni.

Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika kila 100, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Tukiwa pwani, hewa hiyo inatukandamiza kwa uzito ambao leo tuuite 1. (Mwanao aliye sekondari atakwambia jina lake ni kanieneo.) Ukizama baharini mita 10 unaongezewa 1 nyingine. Katika maji baridi, yasiyo na chumvi, unahitaji mita 10.3 ili kuongezewa kiasi hicho hicho, kwa sababu ni mepesi kuliko ya bahari. Tena uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya bahari, hivyo pale Matema hewa yenyewe inakandamiza kwa 0.95 tu.

Oksijeni inayotupa uhai huwa sumu ikikandamizwa mno. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hili mwaka 1878. Mzamiaji hushikwa na degedege, hutoa mdomoni kile kifaa cha kuvutia hewa, na kuzama. Mara nyingi hapati dalili ya kumwonya. Kwa hiyo wakufunzi wamekubaliana kwamba nguvu ya oksijeni isizidi 1.4 wakati wa kazi, na isivuke 1.6 kwa hali yoyote.

Sasa tufanye hesabu. Wazamiaji wengine hujaza mtungi hewa iliyoongezwa oksijeni hadi sehemu 32, ili naitrojeni ipungue. Gawanya 1.4 kwa 0.32, utapata 4.38. Toa 0.95 ya hewa ya Matema, inabaki 3.43. Zidisha kwa 10.3: mita 35.3. Baharini mtungi huo huo mwisho wake ni mita 33.8. Ziwa limekupa mita moja na nusu zaidi.

Zawadi hiyo ina mtego. Kina cha mita 35.3 ni cha kweli ikiwa unapima kwa kamba yenye alama. Saa ya kina iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari haipimi mita, inapima mkandamizo na kuugeuza kuwa mita za bahari. Ukiwa kwenye mwisho wako ziwani, itaonyesha 34 na kidogo. Anayengoja isome 35.3 amekwisha kupita mpaka. Mita ya ziada asiihesabu mara mbili. Na kwa maoni yetu ni afadhali asiihesabu kabisa, ashike hesabu ya bahari.

Mtungi wenyewe ni hatari kubwa kuliko hiyo mita moja. Tuseme umeandikwa 32, kumbe aliyeujaza alikosea ukawa na 40. Mwisho wake umeshuka hadi mita 26 tu, na kwa mita 35 oksijeni ina nguvu ya 1.74. Ndiyo maana kila mtungi hupimwa kwa kifaa na mwenye kuuvaa, mbele ya macho yake, hata kama aliyeujaza ni ndugu yake wa damu. Mwenye hewa ya kawaida hesabu inamruhusu karibu mita 59, lakini asiitumie: kuanzia mita 30 hivi naitrojeni humlevya mtu kama pombe, na wazamiaji wa kawaida huambiwa wasivuke mita 40.

Naitrojeni ina ubaya mwingine, na hapa milima yetu inaingia. Mtu akiwa chini, naitrojeni hujipenyeza katika damu na nyama za mwili. Akipanda upesi hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Kadiri uso wa maji ulivyo juu ya bahari, ndivyo mapovu yanavyopata nafasi. Anayetoka mita 20 baharini mkandamizo humpungukia mara 3. Katika Ziwa Ngozi, lililo zaidi ya mita 2000, ni karibu mara 3 na nusu. Mlima unaoruhusu kina zaidi kwa upande wa oksijeni unadai tahadhari zaidi kwa upande wa naitrojeni, na majedwali ya bahari hayatoshi huko.

Kisha kuna basi. Kijana amezamia Matema asubuhi, jioni anapanda gari la Tukuyu kwenda Mbeya mjini, karibu mita 1700 juu ya bahari. Mwingine ametoka Mtera, anapanda Nyang'oro kwenda Iringa. Mwili unaona ni kama amepanda ndege. Ushauri wa madaktari wa wazamiaji kuhusu ndege ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Alale Matema, aje kesho yake.

Akirudi akilalamika maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu au mkojo kuziba, msidhani ni malaria tu. Mlazeni, apewe oksijeni mapema iwezekanavyo, anywe maji kama ana fahamu, na asirudishwe majini eti akaponee huko. Mganga aambiwe neno la kwanza kabisa kwamba mgonjwa ametoka kuzamia, kina gani na saa ngapi, kwa sababu tiba yenyewe ni chumba maalumu cha chuma chenye hewa iliyoshindiliwa, ambacho hakipo katika zahanati zetu. Na ikibidi kumpitisha milimani, oksijeni isitolewe puani njia nzima.