Istilahi za Madhara ya Mchochota wa Kongosho: Mfano wa Tukuyu

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya tumbo, itoayo insulini na vimeng'enya vya chakula. Vimeng'enya hivyo vinapoanza kuimeng'enya tezi yenyewe, aghalabu kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, hutokea mchochota wa kongosho.

Mgonjwa wa Rungwe aliyelazwa Makandana, hospitali ya wilaya mjini Tukuyu, huweza kupewa rufaa kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi. Ndugu zake wakiambiwa tu kwamba "ana uvimbe", wanaweza kuelewa kuwa ana saratani, wakakata tamaa na kumrudisha nyumbani. Neno uvimbe hubeba dhana za mchochota, kufura na saratani kwa pamoja. Hivyo basi, suala la istilahi hapa ni suala la uhai.

Utata huu haukuwa wa Kiswahili pekee. Wataalamu waliokutana Atlanta, Marekani, mwaka 1992 walijaribu kuuondoa, na uainishaji wao ukarekebishwa mwaka 2012. Msingi wake ni maswali mawili: je, kuna tishu iliyokufa? Je, wiki nne zimepita, ukuta ukajengeka?

Pasipo tishu mfu, kabla ya wiki nne kuna mkusanyiko wa majimaji, ambao mara nyingi hutoweka wenyewe. Ukidumu na kupata ukuta, huitwa kifuko bandia. Ni bandia kwa kuwa ukuta wake hauna utando wa ndani wa kifuko halisi. Palipo na tishu mfu, kwanza kuna mkusanyiko wa tishu mfu, kisha tishu mfu iliyozungukwa na ukuta. Yoyote kati ya hizi nne huweza kuingiwa na vijidudu. Istilahi ya jipu la kongosho iliachwa mwaka 2012, kwani ilitumiwa kwa dhana tofauti.

Tofauti hizi huongoza tiba. Tishu mfu, hali ya mgonjwa ikiruhusu, husubiriwa ijengewe ukuta ndipo iondolewe. Ndugu aliyesikia "jipu" hudai lipasuliwe leo. Aliyeelezwa kuwa ukuta haujakomaa huelewa kwa nini daktari anasubiri. Istilahi faafu, basi, ni ile inayomwezesha msikilizaji kujua ni nini kilichomo, kina umri gani, na kwa nini kinangojewa.