LORI LINALOCHEMKA LIKIWA LIMESIMAMA
Namna ya kutambua ugonjwa wake kabla ya kupoteza fedha

Wenye malori wengi wamepatwa na jambo hili, nao hawakuelewa maana yake. Lori lapanda mlima na mzigo wake bila taabu; lakini likisimama kwenye foleni huku injini ikinguruma na kiyoyozi kimewashwa, mshale wa joto wapanda mpaka alama nyekundu. Yafaa kila dereva na kila mwenye lori ajue sababu yake, kwa maana asiyeijua huweza kulipia matengenezo ambayo gari lake halikuyahitaji.

Tuchukue mfano wa lori dogo la dizeli litokalo Kalama, katika Kaunti ya Machakos, wakati wa msimu wa maembe. Limepakia alfajiri karibu na soko la Kola, likapita njia za vumbi jekundu, likafika barabara kuu ya Mombasa na kuelekea Nairobi. Njia nzima mshale umetulia katikati. Saa saba ya mchana lafika Mlolongo, penye mizani ya kupimia uzito wa magari, mahali ambapo jina lake lenyewe lamkumbusha mtu foleni. Hapo malori yamepangana. Dereva afunga vioo kwa ajili ya moshi na vumbi, naye awasha kiyoyozi. Baada ya robo saa mshale waanza kupanda. Foleni ikifunguka na lori likishika mwendo, mshale washuka tena.

Dereva akirudi nyumbani huenda akapewa mashauri mengi. Huyu asema gasketi imeungua, yule asema rejeta inunuliwe mpya, na wa tatu ataka kung'oa themostati na kuitupa. Kila shauri lina gharama yake, na huenda mwenye lori alikwisha kuuza ng'ombe ili kulinunua lori hilo. Kumbe lori lenyewe limekwisha kusema ugonjwa wake. Limesema, "Naumwa nikisimama, napona nikienda." Hilo ndilo neno la kuanzia.

JOTO HUONDOKAJE?

Mafuta yanayoungua ndani ya injini hayageuki yote kuwa nguvu ya kuvuta mzigo. Kwa makisio, injini ikifanya kazi, theluthi moja tu huwa nguvu, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na iliyobaki huchukuliwa hasa na maji yanayozunguka injini. Pampu huyasukuma maji hayo ya moto mpaka kwenye rejeta. Huko hupita katika vijia vyembamba, na upepo upitao katikati ya vijia hivyo huyapoza. Kwa hiyo vyatakikana vitu viwili: maji yazunguke, na upepo upite.

Gari likienda, upepo waja wenyewe kwa mwendo wa gari. Likisimama, upepo wote hutegemea feni.

Sasa tutazame kiyoyozi. Mtambo huu si mgeni. Mnamo mwaka wa 1940 kampuni ya Packard ya Marekani ilikwisha kuuza motokaa zilizo nao. Kiyoyozi hakiumbi baridi, bali huhamisha joto. Hulitoa joto ndani ya chumba cha dereva na kulitupa nje kwa njia ya kondensa, ambayo kwa kawaida huwekwa mbele ya rejeta. Basi upepo hupita kwanza katika kondensa, ukapata joto, ndipo ufike kwenye rejeta. Tena kompresa yake huzungushwa na injini ile ile, na kuiongezea kazi.

Hata hivyo, watengenezaji walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Lori zima, lisilo na kasoro, laweza kusimama juani na kiyoyozi chake bila kuchemka. Likichemka, kosa si la kiyoyozi tu. Kiyoyozi kimefichua udhaifu uliokuwapo, na udhaifu huo mara nyingi ni wa upepo, wala si wa maji.

UCHUNGUZI KWA UTARATIBU

Anza na yale yasiyo na gharama, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa.

Kwanza, tazama maji. Kama yamepungua, tafuta yanapovuja kwenye mipira, kwenye pampu na chini ya rejeta. Tazama pia kifuniko cha rejeta na mpira wake, kwa kuwa kifuniko hicho si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Mji wa Machakos uko yapata mita 1,600 juu ya bahari, na mahali kama hapo maji yasiyofunikwa huchemka kwa joto la digrii 95 hivi, wala si 100 kama pwani. Kifuniko kizima huyabana maji hata yasichemke upesi. Kikilegea, injini imepoteza ngao yake.

Pili, tazama baina ya kondensa na rejeta. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu asimamaye mbele ya lori huiona kondensa tu, akasema ni safi. Lakini vumbi, makapi ya nyasi, wadudu na vipande vya plastiki hupenya na kukwama katika nafasi nyembamba iliyo nyuma yake, vikaziba njia ya upepo. Tumia tochi. Ukiona uchafu, uoshe kwa maji yenye nguvu kidogo, ukiyaelekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi njia uliyojia. Maji yenye nguvu nyingi huyakunja mapezi membamba na kuzidisha ubaya.

Tatu, chunguza feni. Ikiwa ni ya umeme, kwa magari mengi yapasa izunguke mara kiyoyozi kinapowashwa. Isipozunguka, tazama fyuzi, rilei, nyaya na mota yake. Ikiwa ni feni inayozungushwa na injini, tazama mkanda wake kama umelegea au umepasuka. Malori mengi yana feni yenye klachi ya mafuta mazito, ambayo huikaza feni injini ipatapo joto. Zima injini ikiwa moto, toa ufunguo, kisha uizungushe feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo kama gurudumu la baiskeli, au ukiona mafuta yaliyoshikana na vumbi mbele ya klachi, basi klachi yaelekea kuwa imekufa. Tena hakikisha kwamba lile ganda linaloizunguka feni lipo na halikuvunjika. Bila ganda hilo, feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuvuta mpya.

Nne, fanya jaribio la gazeti. Injini ikiwa moto na kiyoyozi kimewashwa, weka ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya kondensa. Yapasa uvutwe na kushikamana nayo. Ukianguka, upepo ni haba. Jihadhari sana: usikaribie feni ukiwa na shuka, kanga au mikono mirefu ya nguo, wala usiwaache watoto karibu.

Tano, linganisha. Acha injini ingurume bila kiyoyozi, kisha ukiwa umekiwasha. Halafu ongeza mzunguko mpaka kama 1,500 kwa dakika. Mshale ukishuka, ni dalili kwamba feni au pampu ni dhaifu katika mzunguko wa chini. Lakini kama joto hupanda hasa lori likipanda mlima na mzigo, au likienda mbio, hiyo ni habari nyingine: huenda rejeta imeziba ndani kwa chumvi ya maji ya kisima, au themostati haifunguki, au pampu imechakaa. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, moshi mweupe usiokwisha, au mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, ndizo dalili za gasketi. Usiifungue injini kabla ya kuziona.

Yote yakiwa mazima na joto likazidi kupanda, mpelekee fundi wa viyoyozi aipime gesi. Gesi ikizidi kiasi, kondensa hupata joto kupita kadiri.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiitupe themostati. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, na upepo uliozibwa hubaki umezibwa.

Usitumie maji ya kisima peke yake siku zote. Tumia dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji. Lakini uifiche mbali na watoto na mifugo, kwa kuwa aina nyingi zina sumu yenye ladha tamu.

Lori likichemka njiani, zima kiyoyozi, fungua vioo, na uwashe hita, kama ipo, kwa nguvu zake zote, kwani nayo hupunguza joto la injini. Mshale usiposhuka, sogea kando na uzime injini. Usimwagie injini maji baridi, isije ikapasuka. Wala usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto, kwa kuwa mvuke hutoka kwa nguvu na waweza kumpofusha mtu. Ngoja hata rejeta ipoe kabisa. Maembe yakichelewa hasara yake huhesabika, bali jicho halinunuliwi sokoni.

Basi, msomaji, mshale ukipanda usiulize kwanza, "Ninunue nini?" Uliza, "Umepanda lini, na wapi?" Atakayemweleza fundi kwamba lori huchemka likisimama na kupoa likienda, amekwisha kumwonyesha pa kuanzia, na huenda dawa yake ikawa ndoo moja ya maji na saa moja ya kuosha.