‘Niko poa tu’: Jibu linalomkosesha mwanajeshi fidia ya mgongo

Kama una binamu, brathe ama beshte wa shule aliyeingia jeshi la Marekani, hii ni yako na yake. Isome, kisha umrushie kwa WhatsApp.

Wakenya walio kwenye magwanda ya Marekani si wachache. Wengine waliingia wakiwa na grini kadi. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, uliofungulia milango wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa mwaka wa 2016. Paul Chelimo, yule aliyenyakua fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki za Rio 2016, alikuwa mwanajeshi wa Marekani wakati huo. Yeye tulimwona kwenye runinga. Wale wengine hatuwaoni: wanaobeba furushi linaloweza kupita kilo 30, wanaoruka kutoka kwenye lori wakiwa na fulana ya kuzuia risasi, wanaotikiswa siku nzima ndani ya magari ya kivita kwenye njia mbovu. Shingo na mgongo ndivyo hulipa deni hilo, na mara nyingi deni huja baada ya miaka, jamaa akiwa tayari raia anayepanga maboksi kwenye ghala ama kuuguza wazee.

Marekani ina idara nzima ya maveterani, VA, inayolipa fidia ya kila mwezi kwa aliyeumia akiwa kazini. Pesa hizo hazitozwi kodi. Tatizo ni kwamba madai ya mgongo hukataliwa sana, na watu wetu wana njia yao ya kipekee ya kujikatalia wenyewe.

Dai la VA ni kama kigoda cha miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni ugonjwa ulio nao sasa. Wa pili ni tukio ama jeraha lililotokea jeshini. Wa tatu ni maoni ya daktari yanayounganisha hayo mawili, akisema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Si lazima awe na hakika kamili. Ushahidi ukilingana pande zote, sheria inataka veterani ndiye apewe nafasi. Lakini mguu mmoja ukikosekana, kigoda kinaanguka.

Sasa fikiria kijana wa kwetu akiwa kambini. Ameanguka mazoezini, shingo imekaza. Kwenda kliniki ya kambi kunaonekana uzembe, na tangu utotoni ameambiwa mwanaume ni kujikaza. Anameza dawa ya maumivu, anasonga. Siku ya kutoka jeshini anajaza fomu ya afya haraka haraka ili awahi ndege: hakuna shida, hakuna shida, hakuna shida. Miaka sita baadaye anaomba fidia, na faili yake haina hata mstari mmoja kuhusu shingo. Mguu wa pili umeenda.

Halafu kuna siku ya kupimwa. Hapa ndipo lugha yetu inatuangusha. Sisi tukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama mtu ametoka kulazwa juzi. Ni adabu, hatumwagii mtu shida zetu mlangoni. Sasa daktari wa VA anamuuliza jamaa anaendeleaje, naye anasema “niko poa tu”, anainama hadi mwisho huku akiuma meno, na daktari anaandika alichosikia na alichoona. Hiyo karatasi ndiyo itakayosomwa na mtu ambaye hatawahi kumwona.

Na vipimo vyenyewe ni vya digrii. Mgongo wa chini wa mtu mzima kwa kawaida huinama mbele digrii 90. Ukiishia kati ya 30 na 60, kiwango ni asilimia 20. Ukishindwa kupita 30, ni asilimia 40. Mwaka wa 2024 hiyo ilikuwa tofauti ya dola 338.49 na dola 755.28 kwa mwezi, kwa asiye na wa kumtegemea. Kwa shingo, ambayo kwa kawaida huinama digrii 45, kushindwa kupita 15 ni asilimia 30. Ganzi inayoshuka mkononi ama mguuni kutokana na neva zilizobanwa hupimwa kando, na wengi hawaitaji kabisa wakidhani ni uchovu wa kazi.

Kwa hivyo asiigize, asidanganye, lakini pia asijikaze. Maumivu yakianzia digrii 40, aseme hapo hapo. Kama siku aliyopimwa ilikuwa siku nzuri, aeleze siku mbaya zikoje: huja mara ngapi, hukaa muda gani, hushindwa kufanya nini. Mahakama zimeshaamua kwamba mpimaji hawezi kuzipuuza siku hizo kwa sababu tu hakuzishuhudia. Mwaka wa 2018, katika kesi ya Saunders iliyohusu magoti, mahakama ya rufaa ilisema maumivu yanayopunguza uwezo wa mwili yanaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu hata bila jina la ugonjwa.

Tuseme barua imekuja na jibu ni hapana. Wengi huitupa kwenye droo na kunyamaza. Noma ni kwamba barua hiyo ndiyo ramani: inaonyesha mguu gani wa kigoda umekosekana, na yale ambayo VA tayari imekubali. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu. Akiwa na ushahidi mpya, kama maoni ya daktari ama rekodi ya kliniki iliyokuwa imepotea, anawasilisha dai la nyongeza. Akiona ushahidi ulikuwepo ila ulisomwa vibaya, anaomba afisa wa ngazi ya juu aupitie tena; hapo haruhusiwi kuongeza karatasi, ila anaweza kuomba simu ya kueleza kosa liko wapi. Ya tatu ni kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa, njia ndefu ambayo huweza kupita mwaka.

Kwa maoni yangu, kwa kesi nyingi za mgongo zilizokosa mguu wa tatu, dai la nyongeza lina maana zaidi. Kukimbilia kwa jaji na faili ile ile yenye pengo ni kupoteza muda.

Muda wenyewe ni mwaka mmoja kutoka tarehe iliyo kwenye barua, si siku aliyoifungua. Akiuheshimu, akishinda hulipwa malimbikizo kuanzia dai la kwanza. Ukipita, bado anaweza kuleta ushahidi mpya, lakini miezi ile ya nyuma imeyeyuka.

Wewe unaingia wapi? VA hupokea maelezo ya maandishi kutoka kwa watu wanaomjua veterani. Huwezi kusema ana diski iliyotoka, wewe si daktari. Unaweza kusema kabla hajaondoka alikuwa akibeba mitungi miwili ya maji kutoka kioski, na alipokuja Desemba alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu na akalala sakafuni wiki mbili. Andika tarehe, andika ulichokiona, weka sahihi. Aliyekuwa naye kikosini siku ya kuanguka aandike pia.

Na msikubali kuuziwa uoga. Mashirika ya maveterani kama DAV na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia bure. Wakili haruhusiwi kulipisha kwa dai la kwanza. Malipo huja baada ya uamuzi. Msee yeyote anayedai asilimia kabla ya hapo, mwambie aende.

Jambo moja ambalo wengi huuliza: akirudi kuishi Nakuru ama Kisumu, fidia haikatwi. Inaendelea kulipwa, na VA ina mpango wa kulipia matibabu ya nje ya Marekani kwa jeraha ambalo imelikubali kuwa la jeshini. Neno ni hilo, imelikubali. Mgongo uliokataliwa, na barua yake kutojibiwa, hospitali ya hapa nyumbani italipwa na mfuko wake mwenyewe.