Je, Wajua? «Kabisa» hubadili habari nzima

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Mbagala, wilayani Temeke, ametoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili. Sasa anasoma kwa Kiingereza, na sentensi yenye «that» inamsubiri.

Kwanza ni mpangilio. Kiswahili husema «ni wazi kabisa kwamba daladala zimejaa»: neno la kukoleza hufuata kivumishi, kisha ndipo «kwamba». Kiingereza hulitanguliza: «It is quite clear that…» Hilo huzoeleka haraka.

Penye mtego ni kwenye kukanusha. Mtu akisema «si kweli kabisa kwamba Barabara ya Kilwa imefungwa», hakuna anayebaki na shaka: habari hiyo ni uongo mtupu. Lakini «It is not entirely true that Kilwa Road is closed» ina maana kwamba ukweli upo kiasi. Pengine imefungwa upande mmoja tu. Kiingereza kinakanusha ukamilifu wa ukweli, Kiswahili kinakoleza ukanushi wenyewe. Anayetafsiri neno kwa neno hupotosha taarifa, na kwa habari za barabara, afya au mitihani hilo si jambo dogo. Tafsiri salama ya «not entirely true» ni «si kweli yote» au «kuna ukweli kiasi».

Ukitaka uzito wa «si kweli kabisa» kwa Kiingereza, tumia «It is not true at all that…»

Hata mpangilio una neno lake kaidi: «enough» hukaa nyuma ya kivumishi, kama «kabisa» yetu: «It is clear enough that…»